Kalenda Imetoka Stoo

Nchi ninayoisimulia iko mbali sana na kwenu, kwa hiyo msiwe na wasiwasi. Kwenu hakuna mambo haya. Kwenu mtu akitaka kitu cha ofisi anapewa, anashukuru, anaondoka. Mimi nasema ya huko tu, nilikozaliwa bila kuulizwa, nikasoma mpaka kidato cha pili, nikaacha shule kwa sababu mwalimu alikuwa anafundisha kompyuta kwa kuichora ubaoni. Kibodi aliichora vizuri, sikatai, ila ukibonyeza unachafuka vidole.

Kompyuta nikaja kuijulia kwa fundi simu, kwenye simu ya mteja ambaye hakurudi kuichukua. Nikajifunza kuandika programu humo humo. Nikaingia Idara ya Mifumo ya Serikali, na wala siyo kwa vyeti. Siku ya usaili mfumo wa kusahihisha majibu uligoma, wakauliza nani anaweza kuutengeneza, nikautengeneza. Nikajipa maksi sabini na mbili. Sikutaka makuu.

Tulikuwa watu saba, na kazi yetu ni rahisi ukiielewa. Programu kubwa haiandikwi yote na mtu mmoja. Unaandika kipande, unakifunga vizuri, unakipa jina, unakiweka kwenye kompyuta moja ya ofisini ambayo ni sisi saba tu tunaifungua. Mwenzako akikihitaji anachukua nakala yake. Kipande hicho tunakiita kifurushi. Siyo vile vya intaneti vinavyoisha hujamaliza kusema haloo. Hivi haviishi. Ukichukua, chako unacho na changu kipo palepale. Hapo pashikeni, maana ndipo palipotuponza.

Kifurushi changu kiliitwa Kalenda. Kilijua tarehe, basi. Kilijua Februari fupi na Februari ndefu, kilijua Jumapili, kilijua sikukuu zote kumi na tisa za Mtukufu Kiongozi, pamoja na siku yake ya kuzaliwa, ambayo huko kwetu inahamahama kufuatana na hali ya hewa kwa sababu gwaride halipendi mvua.

Mwenzangu Rozina aliandika kifurushi cha Miadi. Hicho kilijua nani anaumwa nini na amwone daktari gani, lakini ya siku gani kilikuwa kinaiuliza Kalenda. Mfumo wa Hospitali Kuu nao ulikuwa unaiuliza Miadi. Kwa hiyo hospitali nzima imeegemea Miadi, Miadi imeegemea Kalenda, na Kalenda imeegemea mimi, ambaye muda mwingi nilikuwa nimeegemea ukuta nakula mihogo.

Mambo yakaenda vizuri hivyo miaka miwili. Hilo peke yake lilitosha kuwatia watu mashaka.

*

Mkaguzi akaja mwezi wa sita kuhesabu mali za Idara. Akahesabu viti. Akahesabu feni tano, moja inazunguka, nne za heshima. Akafika kwenye kompyuta yangu, akaona Kalenda, akaandika: Kalenda, moja. Akaenda kwa Rozina, akaona Kalenda. Kalamu ikasimama. Mpaka jioni alikuwa amekuta Kalenda saba.

Akaniuliza Serikali iliagiza ngapi. Nikamwambia moja. Akauliza hizo sita zimetoka wapi. Nikamwambia ni hiyohiyo moja. Akanitazama kama anavyotazamwa mtu aliyekutwa na kuku wa jirani kwapani halafu anasema ni bata.

Ripoti yake ikasema Idara ina mali ya ziada isiyo na maelezo, vipande sita. Mkurugenzi wetu akaitisha kikao. Anaitwa Mheshimiwa Daktari Mhandisi Lwambano, cheo cha tatu wakati huo kilikuwa bado njiani. Alisema kwa saa moja na nusu kuhusu usalama wa taifa, na yote yalikuwa yanapanda kuelekea maneno haya:

"Ndugu watumishi, vifurushi vyetu ni siri. Na siri haiwezi kukaa sehemu saba. Ikikaa sehemu saba hiyo siyo siri, hiyo ni harusi."

Tukapiga makofi. Usipopiga inaandikwa.

Ukatoka Waraka Namba Tisa. Kila kifurushi kitakuwepo kimoja tu, kitakaa Stoo Kuu ya Serikali, kitatoka kwa hati na kurudi kwa hati. Mfumo wowote ukikuta kifurushi kisicho na namba ya stoo na muhuri wa stoo, ukikatae. Kukiandika upya kifurushi ambacho Serikali inacho tayari ni kughushi, miaka kumi na miwili. Na zile nakala za ziada ziteketezwe hadharani.

Zikateketezwa. Ikaja bendi ya polisi na turubai na viti vya kukodi. Kompyuta zetu zikapangwa mezani, tukavalishwa glovu, tukaitwa mmoja mmoja kwenda kubonyeza kitufe cha kufuta huku tarumbeta zinalia. Zamu ya Rozina ilipofika mama mmoja wa itifaki alimnong'oneza atabasamu, kuna kamera. Yangu ikafutwa pia, maana ile moja halali ilishahamishiwa kwenye flashi nyekundu, ikabandikwa lebo.

*

Mtunza Stoo Mkuu alikuwa Mzee Msomba. Miaka thelathini na moja kwenye stoo ile, hajawahi kupoteza msumari. Nasema kweli, alikuwa mtu mzuri. Tatizo lake alikuwa anaiamini leja. Kwenye leja yake kulikuwa na ukurasa wa matairi, ukurasa wa majembe, ukurasa wa ndoo, na sasa ukurasa wa Kalenda.

Siku ya kwanza Rozina alikwenda na hati yake kuichukua. Nilimsindikiza. Mzee Msomba akasoma hati, akaisoma tena, akachomeka flashi yake na ya Rozina, akanakili. Halafu akaifuta ya kwake.

Rozina akamuuliza, "Mzee, hiyo ya kwako si ungeiacha?"

"Mwanangu, nikikupa tairi, tairi linabaki stoo?"

"Hili siyo tairi, mzee."

"Leja inasema imetoka moja, imebaki sifuri. Nikiiacha humu nitakuwa nina kitu ambacho hakipo." Akageuza leja atuonyeshe. "Mwenzangu wa stoo ya mkoa alikutwa na kitu ambacho hakipo. Mpaka leo yuko ndani."

Basi tukawa tunaazimana Kalenda kama pasi ya nguo. Asubuhi ipo hospitali, watu wanapangiwa tarehe mbiombio. Saa sita inarudi stoo, inasainiwa, inakwenda Baraza la Mitihani. Saa tisa Magereza, wapate kujua nani kamaliza kifungo. Ikichelewa njiani, mtu analala jela siku ya ziada. Tukazoea. Huko kwetu kuzoea ni kipaji, tunazaliwa nacho.

*

Sasa niwaambie kuhusu mama yangu, maana bila yeye mimi ningeendelea kula mihogo.

Mama ni fundi cherehani. Macho yake yaliota ukungu, wenyewe wanaita mtoto wa jicho, yote mawili. Cherehani alikuwa anaiendesha kwa mazoea, ila sindano ya mkono haikubali mazoea. Kila asubuhi kabla sijaenda kazini nilikuwa namtungia uzi sindano kumi, nazichoma kwenye mto wake zikae tayari. Zikiisha, amefunga kazi. Shati langu la kazini alilishona yeye. Kola imeangalia nyuma na vifungo viwili havipo, nikawa nalivaa hivyohivyo. Watu wakidhani ni fasheni, sibishi.

Daktari bingwa wa macho huja nchini kwetu mara moja kwa mwaka, anakaa siku kumi, anapanda ndege. Mwaka jana alimwambia mama kwamba jicho la kushoto lina presha nalo, afanyiwe upasuaji safari ijayo, akingoja zaidi ya hapo hakuna wa kulirudisha. Safari ijayo ndiyo hii. Tarehe tano Septemba mpaka kumi na nne.

Tarehe moja Septemba, Kalenda ikatoka stoo kwenda Kamati ya Maadhimisho.

Mtukufu Kiongozi alikuwa anatimiza miaka arobaini kwenye kiti, tarehe kumi Oktoba. Kamati ilijenga saa kubwa kwenye mzunguko wa barabara katikati ya mji, ghorofa tatu kwenda juu, ya kuhesabu siku zilizobaki. Saa inahitaji kujua tarehe. Wakaja na hati ya mihuri mitatu: wanaichukua Kalenda mpaka sherehe ziishe na viti virudishwe. Mzee Msomba akaandika sifuri.

Hospitali ikaendelea kutoa kadi za miadi, kwa sababu karatasi zilikuwepo. Kadi ya mama iliandikwa jina lake, ugonjwa wake, jina la daktari, na chini yake: Utafanyiwa upasuaji tarehe, halafu nafasi nyeupe, halafu: Usichelewe.

Mama hapendi kuchelewa. Tarehe tano alfajiri tulikuwa mlangoni. Nesi akapokea kadi.

"Mama, leo siyo tarehe yako."

"Tarehe yangu ni lini, mwanangu?"

"Haijaandikwa."

"Sasa wewe umejuaje kwamba siyo leo?"

Nesi akaigeuza kadi, akatafuta na upande wa nyuma. "Ingekuwa leo, ingeandikwa."

Tukarudi tarehe sita. Tukarudi tarehe saba. Benchi lilijaa watu wenye kadi zisizo na siku, kila mtu anawahi kwa wakati. Daktari mwenyewe tulimwona dirishani, amevaa koti lake jeupe, anakunywa chai. Alijaribu kuandika tarehe kwa mkono. Akaambiwa kwa adabu kwamba tarehe ya mkono siyo tarehe, na kwamba yeye ni mgeni.

*

Nikaenda kwa Mheshimiwa Lwambano. Nikapiga shikamoo mbili, moja ya umri na moja ya cheo. Nikamweleza: naomba nitoe nakala moja tu ya Kalenda niipe hospitali, Kamati ibaki na yao, saa itaendelea kuhesabu, hakuna atakayepungukiwa.

"Kijana, umeishia kidato cha ngapi?"

"Cha pili, Mheshimiwa."

"Ndiyo maana." Akavua miwani. "Unachoniambia ni kwamba kitu kimoja kinaweza kutumiwa na watu wawili kwa wakati mmoja, na wote wakatosheka. Kama hilo lingewezekana, nchi hii ingekuwa na wizara za nini?"

Nikapiga shikamoo ya tatu, ya kuondoka.

Lakini hakunifukuza bure, aliunda kikosi kazi. Kikosi kikaenda hoteli ya ufukweni kwa sababu jambo lilikuwa la haraka. Kikarudi siku ya pili kimeungua jua, na azimio: Kalenda ni ya wote, basi igawanywe. Ina miezi kumi na miwili. Kamati ina sherehe Oktoba, ichukue Julai mpaka Desemba. Hospitali ipewe Januari mpaka Juni, bila upendeleo, sita kwa sita.

Nikaambiwa niikate mimi, aliyeishona anajua mshono ulipo. Nikaikata nimekaa kati ya askari wawili, na Mzee Msomba pembeni anaandika: nusu, mbili.

Tarehe nane mama akapata kadi mpya, na safari hii ina tarehe. Nilimsomea mimi. Tarehe tatu Januari, saa mbili asubuhi.

"Na daktari anaondoka lini?" mama akamuuliza nesi.

"Tarehe kumi na nne."

"Ya Januari?"

"Ya mwezi huu."

Jirani yetu wa benchi alikuwa ameshika kadi ya mkewe mwenye mimba ya miezi minane. Amepangiwa kujifungua Juni. Nesi akamshauri mkewe apumzike, asifanye kazi nzito.

Tukarudi nyumbani, mama kanishika bega mpaka mlangoni. Akasema, "Baba, kesho nitungie sindano ishirini. Nataka nimalize nguo za watu wakati jicho bado linaona taa." Sauti yake ya kawaida tu, kama anaagiza chumvi.

*

Siku iliyofuata niliitwa stoo kurudisha zile glovu za siku ya kuteketeza. Nilikuta mfagizi wa Hospitali Kuu yuko mbele yangu. Mzee Msomba akafungua katoni, akahesabu vipande kumi na viwili vya sabuni, mfagizi akasaini, akaondoka. Nikauliza tu, sina hili wala lile, ile sabuni itarudishwa lini.

"Irudi?" Mzee Msomba akacheka mpaka miwani ikashuka puani. "Irudi nini, povu? Bwana mdogo, kuna vitu vya kurudi na vitu vya kuisha. Sabuni, chaki, karatasi za chooni, hivyo vya kuisha. Nikipokea mia naandika mia. Natoa kimoja, vinabaki tisini na tisa. Ukinirudishia ndiyo nitakukamata."

"Na hati ya mihuri mitatu?"

"Ya sabuni? Unasaini tu hapa."

Nikarudisha glovu, nikaenda nyumbani, nikaandika Kalenda upya kutoka kichwani. Siku mbili. Miezi yote kumi na miwili. Tarehe kumi na moja asubuhi nikamwekea Mzee Msomba flashi mezani.

"Mzee, shikamoo. Nimeleta sabuni. Vipande mia mbili."

Akaitazama flashi. Akanitazama mimi. Akaitazama tena flashi, muda mrefu, kama anasubiri itoe povu.

"Ya harufu gani?"

"Haina harufu."

Akavuta leja, akafungua ukurasa wa sabuni, akalamba kidole. "Mama yako si ndiye yule fundi wa nyuma ya soko? Alinishonea kanzu nilipomzika mke wangu. Alifanya kazi usiku na mchana ili iwahi, akakataa kuongezewa hata senti."

"Ndiye."

"Anaendeleaje na macho?"

Nikamwambia. Akaandika, kwa mwandiko wake mzuri uleule wa miaka thelathini na moja: Sabuni isiyo na harufu, vipande mia mbili. Akaipa flashi namba ya stoo, akaipigia muhuri wa stoo. Akanakili moja kwenye flashi ya hospitali, akaandika vimebaki mia na tisini na tisa, na hakufuta kitu, kwa sababu katoni bado ilikuwa imejaa.

Mfumo wa hospitali ukakagua. Namba ya stoo ipo, muhuri upo. Ukaipokea.

Mchana kadi zikaanza kutoka zenye siku. Kesho yake Magereza wakaja kuchukua kipande, Baraza la Mitihani kipande, Mahakama wakataka viwili, kimoja cha akiba. Katika siku mbili Serikali nzima ilikuwa inanawa.

Mama aliingia chumba cha upasuaji tarehe kumi na tatu, saa kumi jioni, wa mwisho kwenye orodha ya daktari. Siku ya pili wakamfungua bandeji. Akapepesa, akanitafuta, akanipata.

"Kumbe umekonda hivi," akasema. Halafu akanisogelea. "Na hilo shati kakushonea mlevi gani?"

Nikamwambia fundi mmoja hivi, simkumbuki.

*

Sherehe zikaja, zikapita. Mheshimiwa Lwambano akahutubia kwamba Azimio la Mgawanyo limezaa matunda, ndiyo maana huduma zimerudi. Akapewa kile cheo cha tatu. Sasa ni Profesa Daktari Mhandisi, na mlango wa ofisi yake umebidi upanuliwe ili kibao kienee. Ile saa ya ghorofa tatu haikuambiwa kwamba sherehe zimeisha. Bado inahesabu, ina miezi yake sita, ikifika Desemba inarudi Julai.

Mkaguzi naye akarudi. Akafungua leja ya Mzee Msomba, ikasoma sawa mpaka kipande cha mwisho. Lakini Mkaguzi ni mtu makini. Akaenda Hospitali Kuu, wamesaini sabuni isiyo na harufu, sakafu ni ileile. Akaenda Mahakamani, wamepokea, na hakuna aliyetakata. Akarudi akauliza sabuni ililetwa na nani. Mzee Msomba akamwambia yeye amepokea na ametoa, majina yapo. Jina la aliyeileta lilikuwa la kwangu.

Nimeshtakiwa kwa kuipatia Serikali sabuni hewa. Miaka mitatu. Nikisema haikuwa sabuni, ilikuwa Kalenda, hapo nitakuwa nimeghushi kifurushi cha Serikali, kumi na miwili. Rozina, ambaye ana akili kuliko sisi wote sita, ameniambia we Chande, kubali sabuni.

Hati ya kuitwa mahakamani ililetwa jana nyumbani. Nilitaka kuificha. Mama akaninyang'anya, akakaa nayo kwenye kiti chake cha cherehani, akaisoma mwenyewe kutoka juu mpaka chini, kitu ambacho hakuwa amekifanya kwa miaka minne. Alisoma polepole, anafurahia kila herufi, wala hakuruka hata anwani.

"Hapa wameandika sabuni. Sabuni gani, baba?"

"Ndefu hiyo, mama. Nitakueleza."

"Jumatatu tarehe kumi na saba, saa tatu." Akahesabu kwa vidole. "Ni Jumatatu kweli. Na siyo sikukuu. Safari hii wameandika sawasawa."

Nikamwambia ndiyo, ni sawasawa, tarehe zote za Mahakama siku hizi ni sawasawa. Nami nilikuwa najua zinatoka wapi. Ukitaka ukweli, nilijisikia vizuri kidogo.

Mama akaikunja hati, akaiweka chini ya mkasi isipeperuke.

"Vua hilo shati nikutilie vifungo. Huwezi kwenda kwa hakimu kifua wazi."

Nikanyoosha mkono kwenye mto wa sindano nimtungie uzi. Akanipiga kofi vidoleni, akachukua sindano mwenyewe, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha uzi mara moja tu.